Mwaka Niliokula Vyenye Maganda Tu

Mzee Ngasa alizikwa mwaka jana mwezi wa saba, nami nilikwenda. Sikwenda kumlilia. Duka langu la vipuri liko Kahama, wateja wangu wengi ni watu wa machimbo, na mtu wa biashara asipoonekana kwenye msiba mkubwa kama ule huulizwa maswali mpaka achoke. Nikavaa shati jeupe, nikakaa chini ya hema pamoja na wengine. Mshereheshaji alikuwa na sauti nzuri, iliyozoea harusi, na msibani hakuibadilisha sana. Akamwita marehemu mlezi wa vijana. Alilipenda hilo neno. Akalirudia mara kadhaa, na kila alipolitamka kuna watu waliopiga makofi, msibani, mchana kweupe. Kisha zikaja sahani za wali na nyama, mafuta yameanza kuganda pembeni. Kijana aliyekaa kando yangu akaniuliza, “Shikamoo mzee, mbona huli?” Nikamwambia nimeshiba. “Umeshiba na hujagusa?” Nikampa sahani yangu, nikaondoka kana kwamba napokea simu. Nyuma ya mahema walikuwa wamemwaga matumbo ya ng'ombe na inzi wameyafunika. Nikasimama pale, mtu mzima anayekaribia hamsini, mwenye wajukuu, nikashika mti na kutapika maji matupu. Nilidhani ugonjwa ule uliisha zamani.

Mwaka ugonjwa ule ulipoanza nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi Segese, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi na rafiki yangu Shija tulipanga chumba cha mabati matupu, ukuta na paa. Mchana hakikaliki kwa joto, asubuhi matone ya baridi yanadondoka kutoka juu kama chumba kimetoka jasho. Tulikuwa na godoro moja, ndoo mbili, jiko la mkaa, na kamba ambayo Shija alitundikia shati lake jeupe. Alilifua kila Jumamosi na haruhusu mtu alishike. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kwao ni upande wa Chato karibu na ziwa, na alikuwa na mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Alimtukana kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, na akimtukana mtu ujue anampenda. Jioni tulikula kwenye banda la mama lishe aliyetupimia ugali kwa bakuli, dagaa juu, na benchi zima lilikuwa wachimbaji wakibishana kuhusu mwiko: nani aliingia duarani, shimoni kwenye dhahabu, akiwa ametoka kwa mwanamke, nani alioga siku ambayo hakupaswa kuoga, dhahabu ya nani ilikimbia. Shija alikuwa akiwasikiliza huku anatafuna, kisha anasema kwa sauti, “Dhahabu haina pua, wajinga nyie. Inajuaje mmetoka wapi?” Watu walimcheka, lakini hawakupenda.

Duara tulilofanyia kazi lilikuwa la Mzee Ngasa. Matimba yake, yale magogo yanayozuia udongo usiporomoke, yalikuwa yameoza. Haikuwa siri. Wiki za mwisho Shija alikuwa anapanda na vipande vya gogo mfukoni, anavifikicha mbele ya watu vinakuwa unga. Mzee Ngasa alivitazama siku moja, akavipuliza kutoka kwenye kiganja cha Shija, akasema, “Vijana wa leo mnaogopa hadi vumbi.” Asubuhi ya ajali mimi nilikuwa juu kwenye winchi. Nikasikia sauti ya Shija kutoka chini, imejaa hasira na mzaha kama kawaida yake: “Masanja! Mwambie huyo mzee matimba yake yameoza! Aje ayalalie yeye!” Nikacheka. Nikageuka kumtafuta msimamizi, na nyuma yangu ardhi ikashusha pumzi. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Tulimtoa Shija mchana, amekwisha kufa. Mimi nilishika miguu. Udongo ule una harufu yake, ya chuma na maji yaliyolala, na ulinikaa kooni kama kitu nilichomeza.

Kesho yake tulimuaga kwenye ua wa Mzee Ngasa kabla mwili haujasafirishwa. Alichinja ng'ombe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia katika korido ya nyumba yake, na nyuma ya pazia nikasikia sauti mbili ninazozijua: ya Mzee Ngasa, na ya Mjomba Deus, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa duara lile na ndiye aliyenipatia kazi. Walikuwa wanakula. Nilisikia mfupa ukifyonzwa, kisha Mzee Ngasa akasema, “Alilala na mwanamke, akashuka na uchafu wake. Mwiko umevunjwa. Nani atabisha?” Mjomba akasema labda mama wa marehemu. “Mama mtu atapelekewa maneno pamoja na maiti. Wewe ndiye utakayempelekea.” Mjomba akasema, taratibu, “Na huyu mpwa wangu? Waliishi chumba kimoja.” Mfupa ukafyonzwa tena. “Huyo ndiye shahidi wetu.”

Wakanisimamisha mbele ya watu. Mzee Ngasa akaweka mkono begani mwangu. “Masanja, mwanangu, wewe uliishi naye. Waeleze watu alivyokuwa akienda kwa wanawake.” Sikuwa shujaa, mdomo ulikataa tu kufunguka. Akawachekea watu kwa upole, kama mtu mwenye mtoto mwenye haya. “Ana uchungu huyu. Hajala.” Akachukua kipande cha nyama kutoka kwenye sinia kwa vidole vyake, mafuta yanamtiririka hadi kwenye mkanda wa saa, akasema, “Kula, ng'wana wane, mwanangu, upate nguvu ya kusema.” Akanitia mdomoni mwenyewe. Vidole vyake viligusa meno yangu na ulimi wangu. Vilikuwa vya moto na vilikuwa na chumvi. Nikamtapikia viatu. Watu wakarudi nyuma, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kuwa mwiko umempata na huyu.

Tangu siku ile chakula kilichopita mikononi mwa mtu hakikuweza kushuka kooni mwangu. Ugali niliuona umefinyangwa, nikaona vidole. Uji niliuona umekorogwa, nikamwona aliyeshika mwiko. Mjomba alinihamishia nyumbani kwake Shinyanga mjini, Ngokolo, na huko wakaanza kunitibu. Nilipelekwa kwenye maombi, ambako nililazwa sakafuni mbele ya kanisa zima na watu wazima wakanishika kichwa na tumbo wakimwamuru pepo ajitaje jina. Waliponyamaza wakaniwekea kipaza sauti, wakitaka ushuhuda. Kisha nikapelekwa kwa mfumu, mganga wa kijijini, aliyenipa dawa kwenye kibuyu ambacho midomo mingi ilikuwa imekwisha kukinywea. Alikuwa mpole kuliko wale wa kwanza, lakini naye alimuuliza mjomba, si mimi. Na jioni, barazani kwa mjomba, wageni walikunywa soda na kunijadili wakati nimekaa hatua chache kutoka kwao. Vijana wa siku hizi ni laini. Vijana wa siku hizi ni bangi. Anataka kuoa huyo. Anaigiza huyo, njaa ikimbana atakula. Dukani kwangu leo nasikia maneno hayo hayo yakisemwa juu ya vijana wengine, na watu wanaoyasema bado wanatafuna kitu.

Nilipobaki mifupa mjomba akawa na hakika kuwa ni ukimwi. Akanipeleka hospitali kupima. Wakati ule kabla ya kipimo ilikuwa lazima uonane na mshauri nasaha, na mshauri wetu alikuwa muuguzi mmoja aliyeitwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Chumba chake kilikuwa nusu ofisi, nusu stoo. Maboksi ya kondomu yalifika darini, dirisha lilitazama jikoni pa wagonjwa, na juu ya meza, wima, kulikuwa na ule uume wa mbao wa kufundishia. Nilipouona nikafumba macho. Mama Kulwa akautia kwenye droo. “Hicho si chako leo,” akasema. Kisha akaanza kuuliza, na mjomba akaanza kujibu. Anaumwa nini? Mjomba akajibu. Tangu lini? Mjomba akajibu. Analala? Mjomba akasema analala sana.

“Baba, naomba utusubiri kwenye benchi,” akasema Mama Kulwa.

“Huyu ni mtoto, sista. Mimi ndiye mlezi.”

“Mtoto huingia na mlezi wake. Huyu ni kijana, ataingia mwenyewe. Nikikuhitaji nitakuita, na nitakuita mbele yake.”

Mjomba alitoka akiupigiza mlango. Mimi nilidhani sasa ndipo nitakapobanwa. Badala yake Mama Kulwa alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza akakiweka kando ya changu, sote tukatazama dirishani kama watu wanaosubiri basi. Akaniambia sheria zake, na alizisema kama mtu anayesoma sheria zinazombana yeye, si mimi. Nitakachosema hakitatoka chumbani mle. Nikitaka kujiua, au kumuua mtu, au kama kuna mtu ananiumiza, hapo atalazimika kumwambia mwingine, lakini ataniambia mimi kwanza nani na kwa nini. “Na kunyamaza kunaruhusiwa,” akasema. Nikanyamaza. Nikanyamaza siku ile yote, na Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Kipimo kilirudi safi, mjomba akaona aibu kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaambia wageni wake wa barazani. Lakini Mama Kulwa alimwambia niendelee kuja, na kwa kuwa ilikuwa bure, mjomba hakukataa.

Swali lake la kwanza la maana halikuwa juu ya ajali. Aliuliza, “Nini kinapita?” Sikuelewa. “Kooni. Lazima kuna kinachopita, la sivyo usingefika hapa kwa miguu.” Nikamwambia yai la kuchemsha. Ndizi. Kiazi kitamu, kama kimechemshwa na ganda lake. Karanga za kumenya. Aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akasema, “Unakula vyenye maganda.” Mimi sikuwa nimeliona hilo. Mwili wangu ulikuwa unajua, mimi sijui. Nikaanza kulia, kwa kelele, pua inatoka, na jambo moja ninalomshukuru mpaka leo ni kwamba hakunigusa. Kila mtu mwingine mwaka ule alikuwa na mikono juu yangu. Yeye alisogeza tu boksi la kondomu ili niweke kiwiko, akatazama dirishani mpaka nimalize. Wiki iliyofuata akaniuliza, “Ganda linazuia mkono wa nani?” Nami nikamwambia.

Watu wanaponiuliza alinitibu kwa njia gani, nakosa la kuwaonyesha. Hakunipa dawa. Hakunihubiria, hakuniambia kuwa yote hutokea kwa sababu, hakunipa mfano wa kijana aliyeteseka zaidi yangu. Siku nyingine tulitembea tu hadi kwenye uzio na kurudi, kwa sababu alisema vijana wengi husema vizuri zaidi miguu ikiwa na kazi. Nikimtukana Mzee Ngasa hakunikataza, aliniuliza tu tusi lile lina maana gani machimboni, akacheka nilipomweleza. Nikimwambia uongo aliuacha ukae, na wiki nyingine mimi mwenyewe nilikuja kuuondoa. Alinichukulia kama mtu mwenye akili timamu aliyetapika kitu kichafu. Nadhani hiyo ndiyo njia yake yote.

Halafu Mzee Ngasa akaja. Mjomba alikuwa amemwambia kwamba kuna mwanamke hospitali ninayekaa naye kila Alhamisi na kwamba nimeanza kula viazi. Nilikuwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, alipoingia bila kubisha hodi. Nilisikia kitu kizito kikitua mezani.

“Nimekuletea nyama, sista. Ya leo asubuhi.”

“Shikamoo mzee. Karibu. Nyama sijaagiza.”

“Zawadi. Yule kijana Masanja ni kama mwanangu. Nimekuja kama mlezi, nataka kujua amekuwa akisema nini.”

“Aliyoyasema ni yake.”

“Hata kama ni uongo?”

“Hata kama ni nyimbo, mzee.”

Kisha Mzee Ngasa akasema, kwa sauti ile ile ya upole ya siku ya kuaga, kwamba anawajua wakubwa wake wote, na kwamba mwanamke anayejifungia ndani na vijana wa watu atakuja kuulizwa anafanya nao nini. Hakuna kitu mtu yule alichokigusa kikabaki safi. Mama Kulwa alitoka akiwa ameshika mguu wa ng'ombe kwenye mfuko wa nailoni, damu inadondoka juu ya sandali zake nyeupe. Akauvuka ua wote wa hospitali, wagonjwa wanatazama, akauweka juu ya boneti ya gari la Mzee Ngasa, akarudi kunawa mikono. Aliponiona kwenye benchi alisema, “Umesikia. Vizuri. Ingia.”

Mkubwa wake mmoja alimwita wiki ile ile na kumtaka aandike taarifa ya niliyoyasema. Najua kwa sababu aliniambia yeye mwenyewe. “Sitaiandika,” akasema. “Nakuambia kwa sababu maneno ni yako, na likitokea lolote juu yake ulistahili kulisikia kwangu kwanza.” Hakuiandika. Kabla mwaka haujaisha alihamishiwa zahanati ya mbali, huko ambako hata vipimo havikuwepo, na mshauri aliyekuja baada yake alikuwa na ratiba nzuri ya semina na spika ya kuwahutubia vijana uwanjani. Mzee Ngasa alifungua duara jingine. Mjomba Deus alistaafu akiwa na nyumba tatu. Mimi niliendelea kuwaamkia wote wawili barabarani kwa miaka mingi, shikamoo, marahaba, na kila mara nilihitaji kunawa.

Lakini kabla hajahamishwa, Mama Kulwa aliniuliza swali moja zaidi. Nilikuwa nimemwambia kwamba nataka watu wajue. Hakusema niende polisi, wala hakusema nisiende. Aliuliza, “Watu gani? Chagua mmoja.” Nilidhani nitamtaja mkuu wa wilaya, au mchungaji, au benchi zima la mama lishe kule Segese. Nikashangaa kujisikia nasema, “Mama yake Shija.” Yule ndiye aliyepelekewa mwanawe akiwa amefungwa pamoja na uchafu ambao haukuwa wake. Tukajizoeza. Mama Kulwa akawa mama yake Shija, mimi nikaingia mlangoni na kumwamkia, na mara ya kwanza sikuvuka salamu. Alisema nikikwama njiani nishuke nirudi, hakuna atakayenidai kitu.

Nilipanda basi hadi Geita, nikapanda jingine la Chato, nikashuka kabla ya mjini na kutembea katikati ya mashamba ya mihogo. Mama yake Shija alikuwa mwanamke mrefu, mdomo ule ule wa mwanawe. Alikuwa peke yake uani. Hapakuwa na jirani, na nilikuja kuelewa kwamba tangu mazishi majirani walikuwa wameacha kuchota maji pamoja naye, maana kijana aliyekufa kwa mwiko huacha kitu nyumbani kwao. Nikamwamkia. Nikamwambia mimi ni Masanja, niliishi na Shija. Akasema, “Yule anayekoroma?” Nikajua Shija alinisema vibaya nyumbani kwao, yaani alinipenda. Basi nikamweleza yote: magogo, unga wa magogo, pazia, mfupa, nyama. Niliongea nikitazama chini. Nilipofika kwenye winchi akanizuia kwa mkono.

“Alisema nini mwisho? Usinipambie.”

“Alisema nimwambie huyo mzee matimba yake yameoza, aje ayalalie yeye.”

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, kilichomtoka kabla hajakijua, kisha akajishika mdomo kwa viganja viwili. “Ndiye huyo,” akasema. “Ndiye mwanangu huyo.” Aliingia ndani, akarudi amejifunga kanga nyingine, safi, kama mtu anayekwenda kanisani, na kusimama mbele yangu.

“Nakwenda kwa majirani. Wote wako kisimani saa hii. Utasema mwenyewe mbele yao, au niseme mimi? Usipotaka kuja, kaa hapa upumzike.”

Mwaka mzima watu wazima walikuwa wakinifungulia mdomo kwa nguvu, na mbali na yule muuguzi wa Shinyanga hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema, “Sema wewe, mama. Nitasimama karibu.”

Tukaenda. Wanawake walipomwona anakuja walianza kukusanya ndoo zao. Hakuwasalimu. Alisimama juu ya jiwe la kisima na kusema kwa Kizinza, lugha ambayo mimi Msukuma niliidaka kwa vipande tu, lakini niliona ndoo zikirudishwa chini moja moja. Alisema kwa muda mrefu, hakupaza sauti, wala hakunionyesha kidole. Karibu na mwisho nikalisikia jina la Ngasa, likiwa limetamkwa polepole ili kila mmoja alikamate. Kisha akageuza kichwa na kutema mate mchangani. Mwanamke mmoja mzee akatema. Mwingine akatema. Nami nikasogea mbele, katikati yao, nikatema.